Wanasesere wa Mami na sinia la mlangoni

Ukiwa umekulia Tanga, Dar au Mombasa, Navaratri, sikukuu ya Wahindu ya usiku tisa, unaijua kwa masikio kabla ya macho. Ngoma zinalia hadi usiku wa manane, fimbo zinagongana, wasichana wa Kigujarati wanazunguka na masketi mapana yenye vioo, na barabara za karibu na hekalu hazipitiki kwa magari. Hiyo ni Navaratri ya Gujarat, kwa sababu Wahindu wengi waliovuka bahari kuja pwani yetu walitoka huko, Kutch na Kathiawar. Nilipohamia Chennai, India, nikawa nasubiri fimbo. Fimbo hazikuja. Kilichokuja ni masanduku kushushwa darini.

Huku kusini, katika jimbo la Tamil Nadu, masiku hayo tisa ni ya wanasesere. Sebuleni inajengwa ngazi, ngazi inafunikwa shuka jeupe, na juu yake wanapangwa miungu, wafalme, watakatifu, maharusi, wauza mboga, tembo na askari wa trafiki. Wenyewe wanaiita golu, wengine kolu. Karnataka na Andhra Pradesh nao wana yao kwa majina yao. Inaanza usiku ule wa giza ambao mwezi hauonekani kabisa, kati ya Septemba na Oktoba: siku hiyo ngazi inasimamishwa, kesho yake sikukuu inaanza.

Mimi ni mpangaji wa ghorofa ya juu huko Mylapore, mtaa wa zamani uliozunguka hekalu la Kapaleeshwarar na bwawa lake. Kazi yangu ni ukalimani: nawasindikiza wagonjwa wanaotoka kwetu kuja kutibiwa, namwambia daktari mgonjwa anaumwa wapi, na namwambia mgonjwa daktari amesema nini. Mwenye nyumba ni mama wa makamo ya juu ambaye mtaa mzima unamwita Mami, nami nikafuata. Zamani alikuwa akinitambulisha kwa wageni kuwa natoka Afrika, basi, Afrika nzima. Tangu IIT Madras, chuo cha teknolojia cha hapa hapa Chennai, kilipofungua tawi lake Zanzibar mwaka 2023, natambulishwa kama jirani wa Zanzibar, na wageni wanaitikia kama vile wamewahi kufika.

Kushusha masanduku ni kazi ya wanaume, na hiyo ndiyo kazi yao pekee. Mtoto wa Mami anapanda kwenye dari dogo lililo juu ya jiko, anashusha makasha ya bati, anafuta vumbi mikononi na anaondoka. Yanayobaki ni ya wanawake. Kila mwanasesere amefungwa kwa gazeti au kipande cha sari iliyochakaa, na katikati kumewekwa vipande vya kafuri ili wadudu wasiingie. Kasha la kwanza lilipofunguliwa nilirudi nyuma hatua moja. Kwa mtu aliyelelewa Kiislamu pwani, kafuri ni harufu ya msiba, ya maji ya kuoshea maiti na sanda iliyotandikwa. Kwa Mami ni harufu ya sikukuu. Alivuta pumzi kwa nguvu kama mtu aliyefungua sufuria ya pilau.

Wanaotoka kwanza ni wawili wa mti, mume na mke, wekundu kahawia, urefu wa kiganja na nusu, macho yamechongwa makubwa na mikono imebanwa kifuani. Hawa wanaitwa marapachi. Kwa desturi, msichana anapoolewa wazazi wake humpa jozi hii, na jozi hiyo ndiyo mwanzo wa golu ya nyumba yake. Ya Mami ilitoka kwa mama yake, na mama yake aliipata kwa bibi yake. Mti wenyewe ni msandali mwekundu, unaoota kwenye milima ya Andhra Pradesh, kuzunguka Tirupati. Zamani vichanga walipougua, mama alimsugua mwanasesere kwenye jiwe kwa maji na kumpa mtoto ile rojo kama dawa. Mwanasesere wa kiume wa Mami amechakaa bega moja, na Mami anaonyesha kwa kidole: hapa ni homa ya kaka yangu, hapa ni yangu. Leo mti huo umeibwa mno hata Andhra ina kikosi maalumu cha kuwasaka wanaoutorosha, na marapachi wengi wapya sokoni ni wa mti mwingine uliopakwa rangi.

Kila mwaka wanavikwa upya. Madukani wanauzwa tayari wamevaa, na sindano ya kushonea vitambaa vidogo namna ile inaumiza macho ya mtu mzima, lakini Mami hataki kusikia. Anahifadhi vipande vya hariri vilivyobaki kwa fundi mwaka mzima. Mke anakunjiwa sari mikunjo mitano mbele, kila mkunjo upana wa ukucha, kisha anafungwa mkanda wa uzi wa dhahabu. Mume anapigwa kilemba. Nimemwona akifumua kilemba kile na kukifunga tena mara kadhaa kwa sababu kilimfanya mfalme aonekane mlevi.

Idadi ya ngazi lazima iwe witiri: tatu, tano, saba, tisa, na wenye uwezo kumi na moja. Enzi za mama mkwe wake Mami walipanga mbao juu ya makasha yale yale, madebe ya mafuta na vitabu vya sheria vya babu. Siku hizi ngazi ni ya chuma, inakunjwa, inanunuliwa. Juu kabisa inakaa kalasamu, chungu cha shaba chenye maji, majani ya mwembe mdomoni na nazi iliyopakwa manjano imesimama juu yake. Pembeni wanasimama marapachi. Chini yao miungu, kisha maumbile kumi ya mungu Vishnu kuanzia samaki na kobe, kisha walimu na watakatifu, kisha wafalme na watu wa taifa. Gandhi yupo, na fimbo yake imeunganishwa kwa gundi. Kadiri unavyoshuka unakutana na watu wa kawaida: arusi nzima yenye bendi, mwanamke anayetwanga, timu ya kriketi iliyonunuliwa na mjukuu. Sakafuni wanatengeneza kijiji. Siku kadhaa kabla wanapanda ulezi na haradali kwenye visahani vya udongo, na majani yakichipua yanakuwa shamba la mpunga. Kioo cha mkononi kinakuwa bwawa.

Nimpendaye mimi yuko chini, karibu na kijiji. Ni muuza duka, mtu wa Chettiar, jamii ya wafanyabiashara, kitambi kimemwagika mapajani, kifua wazi, mkewe pembeni amekaa kama mtu anayejua deni la kila mteja. Mbele yao wanawekewa vyakula vya kweli: mchele, dengu, choroko, chumvi, sukari, kila kimoja kwenye kikombe kidogo cha shaba. Ukipita na mtoto, kila mara kuna kikombe kilichopungua. Miungu ya juu wamepewa maua, yeye kapewa bidhaa. Kama kuna mtu hai katika golu nzima, ni huyu.

Mbona wanasesere? Wanasimulia kwamba shetani mwenye umbo la nyati, Mahishasura, alipowashinda miungu wote, kila mmoja alimpa Durga, mungu wa kike, nguvu yake na silaha yake, na walipomaliza kutoa wakabaki wamesimama tu kama sanamu. Usiku tisa akapigana, siku ya kumi akashinda. Kwa hiyo ngazi ile ni baraza lake, na hao wengine ni waliokuja kusimama mbele yake. Wafalme waliipenda hadithi hiyo kwa sababu zilizo wazi. Raja Wodeyar, mfalme wa Mysore, alianzisha Dasara yake, jina la kule la sikukuu hii, Srirangapatna mwaka 1610, baadaye sherehe ikahamia Mysore, na hadi leo katika kasri ya Mysore kuna ukumbi wa wanasesere unaoitwa Gombe Thotti. Lakini kasri si mahali pa kuielewa golu. Kule unapita na tiketi. Nyumbani unakaribishwa, na huko kukaribishwa ndiko kwenye mambo.

Kabla ya hapo nitoe neno kuhusu wafinyanzi, maana sikukuu yote inawategemea na hakuna anayewaalika. Desturi ni kuongeza angalau mwanasesere mmoja mpya kila mwaka, basi wiki chache kabla ya sikukuu barabara ya North Mada, hatua chache kutoka kwetu, inajaa meza kando zote mbili. Wengine wanatoka Kosapet, mtaa wa wafinyanzi humu humu Chennai. Wengine Vilachery karibu na Madurai, Villianur kule Puducherry, au Panruti, mji ambao kwa wasiohusika na wanasesere unajulikana kwa mafenesi na korosho. Kazi ni ya miezi. Udongo unakandamizwa kwenye kalibu nusu mbili, nusu zinaunganishwa, kinachotoka kinakaushwa kivulini, kinachomwa, kinapakwa rangi nyeupe ya msingi, na mwisho kabisa yanachorwa macho. Macho huchorwa na mwenye mkono mtulivu kuliko wote, mara nyingi mwanamke wa nyumba hiyo. Siku hizi plasta imeingia kwa kasi: inakauka upesi, ni rahisi, inang'aa. Mami anamgonga mwanasesere kwa ukucha na kusikiliza. Udongo uliochomwa una mlio, plasta ni bubu. Akisikia bubu anamrudisha mezani bila kuuliza bei, na muuzaji, ambaye amefanyiwa hivyo tangu asubuhi, anakunja uso.

Sasa jioni. Kizingitini kumechorwa kolamu, nakshi za unga wa mchele ambazo mkono unazimwaga bila kuinuka. Wasichana wa nyumba, wamevaa masketi ya hariri, wametumwa nyumba kwa nyumba na kikopo cha kumkumu, unga mwekundu wa kupaka kwenye paji la uso, kualika majirani. Kuanzia saa kumi na mbili wageni wanaanza kuvua viatu. Mwenye nyumba naye amekwishatembelea au atatembelea golu za wengine, na kutokwenda kwa mtu aliyekualika ni habari itakayozungumzwa hadi Diwali.

Mgeni hatazami tu akaondoka. Anaombwa aimbe. Nimeona mama wa miaka sabini na zaidi, aliyeingia akilalamikia magoti, akakaa sakafuni, akapiga paja kutafuta mahadhi, akatoa wimbo wa Muthuswami Dikshitar, mtunzi aliyefariki 1835 na kuacha mfululizo mzima wa nyimbo za mungu wa kike ambazo huimbwa katika usiku hizi. Akamaliza, akauliza vyoo viko wapi. Ilipofika zamu yangu, kukataa hakukuwezekana. Nikaimba wimbo wa kumtoa bibi harusi, ule ambao shangazi zangu huuimba wakigonga sinia kwa kijiko. Wakataka niurudie, na mmoja akaupata mahadhi na kunigongea.

Kisha chakula, yaani sundali. Kila siku ni jamii nyingine ya kunde: leo dengu, kesho choroko, keshokutwa kunde zenyewe au njugu. Dengu zinalowekwa usiku, zinachemshwa na chumvi ziive bila kupasuka. Pembeni Mami anakuna nazi, amekalia ubao ambao mtu wa pwani hahitaji kuambiwa ni wa nini, isipokuwa wa kwao una pia kisu kirefu cha kukatia mboga. Mafuta yakipata moto anatupia haradali, zikianza kuruka anatia pilipili kavu, majani ya mchuzi na mvuje kidogo sana, ncha ya kijiko. Mvuje ule ule ambao bibi yangu alikuwa akiufukiza mtoto akilia usiku bila sababu. Zinamwagwa dengu, zinageuzwa, moto unazimwa, nazi inaingia mwishoni. Hakuna kitunguu wala kitunguu saumu. Wale waliofika Chennai wameionja kwa wachuuzi wa ufukwe wa Marina, ambao huongeza embe bichi.

Lakini sundali ya golu huwekwa kwanza mbele ya miungu, ndipo igawiwe. Na mimi ni Mwislamu. Mama yangu aliponiona kwenye simu nimekaa mbele ya ngazi ile aliuliza swali moja tu: "Mwanangu, hiyo midoli inaabudiwa?" Nikamjibu kweli, kwamba baadhi inaabudiwa na baadhi ni timu ya kriketi. Akanyamaza, kisha akasema niwasalimie wenye nyumba. Suala la chakula sikulitaja kwa Mami. Alilifikiria mwenyewe. Mwaka wa kwanza aliniuliza, uso kwa uso na bila kuzungukazunguka, kama nakula kilichotolewa kwa mungu wao. Nikamwambia hapana, samahani. Tangu hapo, kabla sufuria haijapelekwa sebuleni, bakuli langu la chuma hutolewa kwanza na kuwekwa kando juu ya friji, na mfuniko wake. Hajawahi kulieleza jambo hilo mbele ya wageni. Nimetembelea nyumba nyingi za watu wema katika nchi mbili, na heshima ya namna hiyo sijaiona mara nyingi.

Naisema kwa sababu sinia la mlangoni linasema pia mambo mengine. Mgeni wa kike akiaga, anapewa kumkumu na manjano, majani ya tambuu, popoo, tunda, pengine kitambaa cha blauzi au bangili. Kwa mila, anayepewa kwa ukamilifu ni mwanamke aliyeolewa ambaye mumewe yu hai. Huyo ndiye mwenye baraka. Msichana naye anapewa, ni baraka inayokuja. Mjane hapewi kumkumu, na zamani hakutakiwa hata kuonekana shughuli ikianza. Kwetu mjane anakaa eda miezi minne na siku kumi, ikiisha imeisha, anaoga, anavaa, akitaka anaolewa. Eda ya huku, kwa wanaoishika mila, haina siku ya kutoka. Si kwamba sisi ni wasafi. Nimekaa kwenye harusi za Tanga ambamo mtalaka alipelekwa jikoni akapike badala ya kumpamba bibi harusi, na hakuna aliyeona ajabu. Hata hivyo, nilichelewa kuelewa kwa nini Mami, mwenye wanasesere, mwenye marapachi, mwenye kujua kila mmoja amekaa wapi na kwa nini, jioni wageni wakija alikuwa anakaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango wa jikoni, na sinia likashikwa na mkwe wake.

Mumewe alifariki kabla sijahamia. Mwaka huo hawakupanga golu kabisa, kwa sababu ya msiba. Mwaka uliofuata Mami akapanga, ngazi zote, na jioni akampisha mkwe. Hakuna aliyemwamuru. Ngazi ya wanasesere ina juu na chini, na ya watu vilevile, na kila mmoja anajua cheo chake bila kuandikiwa. Mfanyakazi wa nyumba, ambaye husugua shaba zote za kalasamu mpaka zing'ae, hula sundali yake jikoni.

Siku ya tisa ni ya Saraswati, mungu wa kike wa elimu, na ya vifaa vya kazi. Vitabu vinawekwa mbele ya ngazi na hakuna ruhusa ya kuvisoma, jambo ambalo watoto hulishika kwa uaminifu mkubwa. Mafundi wanaosha randa na misumeno na kuipaka msandali. Bajaji, mabasi, mashine za kusaga, vyote vinavishwa maua. Hospitali ninakofanyia kazi, gari la wagonjwa lilikuwa na shada la manjano kwenye boneti na ndimu chini ya kila tairi, na mzee mmoja wa Kigoma niliyekuwa namsindikiza kliniki akaniuliza nani anaoa. Barabarani wanapasua maboga meupe yaliyotiwa kumkumu, kuondoa husuda. Jioni hiyo usipande pikipiki. Nyama ya boga kwenye lami inateleza kuliko mafuta.

Siku ya kumi, Vijayadashami, watoto wadogo wanashikwa kidole na kuandikishwa herufi ya kwanza kwenye sinia la mchele. Usiku mwanasesere mmoja analazwa ubavu kuwa sikukuu imekwisha, anaimbiwa wimbo wa kubembeleza, na kesho yake wote wanafungwa tena kwenye magazeti na kafuri. Mami ana daftari lenye orodha ya nani yuko kasha gani. Binti yake anayeishi New Jersey naye hupanga ya kwake, ngazi tatu za maboksi ya viatu, na jozi ya marapachi aliyopewa alipoolewa. Hupiga simu ya video ili mama akague mpangilio, na mama hukagua bila huruma.

Kuna jambo nimelipita, la jioni ya tisa mwaka jana. Sebule ilikuwa imejaa, watu wanaanza kuaga. Mkwe akatoka jikoni na sinia, na badala ya kwenda kwa mgeni wa kwanza, shangazi wa mumewe, mtu mzima na mwenye sauti, akageukia kiti cha plastiki. Akasimama mbele ya Mami na kumnyooshea. Kila kitu kilikuwemo, kumkumu ikiwemo. Shangazi akaweka kikombe chake cha kahawa chini na kusema maneno ya Kitamil ambayo sikuyapata yote, ila neno la mila nililisikia mara mbili. Mkwe hakujibu wala hakuondoa mkono. Mami akamtazama kwanza mkwe, kisha sinia. Akachukua tambuu, akachukua popoo, akachukua kitambaa cha blauzi na kukigeuza kuangalia mshono wa pindo. Kumkumu akaiacha. Halafu akamwambia mkwe asizibe njia, kuna wageni wawili wako nje wanavua viatu, na dengu hazitoshi, aende akatoe zile za kwenye friji.